Kipa wa Voi na Mechi ya Ugenini

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Voi, karibu na reli ya zamani: benchi mbili za mbao na birika la Fanuel, muuza kahawa, juu ya makaa. Hapo ndipo siasa, mvua na mpira huamuliwa kila jioni, na hakuna anayewahi kubadilisha mawazo. Lakini Jumanne ile ubishi ulikuwa mzito, kwa sababu aliyetakiwa kusafiri alikuwa Shanice, binti wa Mutuku, na Mutuku mwenyewe, fundi wa malori, alikuwa amekaa katikati yetu na kahawa iliyopoa mkononi.

Shanice alikuwa kipa wa timu ya taifa ya wasichana wadogo. Mechi ilikuwa ugenini, katika nchi ambayo redio ilisema risasi zimesikika karibu na mji mkuu. Kwa vile hakuwa ametimiza miaka kumi na minane, kocha alitaka neno la mzazi. Susan, mamake, alikuwa amekubali shingo upande, akamwachia Mutuku neno la mwisho. Mutuku akalileta kijiweni.

Noah, tunayemwita Refa kwa sababu alichezesha mechi za kaunti mpaka goti likamkataa, alisema timu isiende, pointi zichukuliwe tu na wapinzani. Ndeti, ambaye jina lake la kijiwe ni Kamanda ingawa jeshini alikuwa mpishi, akasema mechi ichezwe, ila bila mashabiki, mageti yote yafungwe.

— Kwani risasi inakata tiketi? Refa akamuuliza.

Kamanda akaongeza wanajeshi kuzunguka uwanja. Refa akasema hao watageuka kuangalia mpira. Basi Kamanda akahamisha mechi mpaka mpakani, goli moja nchi hii na lingine nchi ile, na yeyote akisikia mlio akimbilie kwao. Tulicheka. Mutuku hakucheka.

Shanice akatokea akitoka mazoezini, jasho bado shingoni. Akatuamkia wote, akakaa kando ya babake. Mutuku hakuzungusha maneno.

— Mimi sitaki uende. Mpira utakuwepo kila siku. Wewe uko mmoja.

Msichana hakulia wala hakubisha. Alieleza kwamba yeye na wenzake walikuwa wamekaa peke yao kambini wakakubaliana: hoteli iwe karibu na uwanja, ndege itakayowapeleka iwasubiri, na kapteni akisema tunaondoka, waondoke bila kungoja mkubwa yeyote. Maafisa walinung'unika, mwishowe wakakubali. Wakifika na kuambiwa ndege haitawasubiri, hawatashuka.

Kamanda aliuliza hilo la ndege lilitoka kwa nani. Shanice akasema ni yeye.

— Na huogopi? Mutuku akauliza.

— Naogopa hata saa hii, baba. Ndiyo maana niliuliza hayo yote.

Mutuku aliweka kahawa yake chini. Kisha akatoa simu akampigia kocha mbele yetu, akamwambia binti ataenda, lakini hilo la ndege alitaka kulisikia kutoka kwa mdomo wa kocha mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema asante.

Siku ya mechi tulikusanyika kwenye redio ya Fanuel. Kipindi cha pili, bado hakuna goli, mtangazaji akanyamaza ghafla. Halafu akasema kuna milio nje ya uwanja na wachezaji wanakimbizwa ndani. Mutuku alisimama, akabaki amesimama mpaka jioni, Susan alipopiga simu kusema ndege ilikuwepo, wote wameingia, na imeshapaa.

Jumamosi Shanice alikuja kijiweni. Refa alitaka kusikia kuhusu milio, Kamanda kuhusu wanajeshi. Yeye alitueleza kuhusu chumba. Timu zote mbili zilikuwa zimefungiwa chumba kimoja, wamekaa sakafuni wamebanana, na aliyekuwa begani mwake alikuwa kipa wa wale wenyeji. Msichana yule alijua kwamba mechi ya marudiano itakuwa Nairobi, na mamake alikuwa hataki aje. Akamuuliza Shanice kwa Kiswahili cha kwao: je, huko kwenu kuko salama?

— Ukamjibu nini? Fanuel akauliza.

— Nilimwambia nitauliza nyumbani. Sasa ndio nauliza.

Kamanda akaangalia barabara. Kila mmoja wetu alikumbuka siku yake ya kukimbia gesi ya machozi, na majina ya vijana ambao hawakurudi kutoka maandamanoni. Fanuel alisahau hata kumimina kahawa.

Mutuku akamgeukia binti yake. Aliuliza hiyo mechi ni lini, akaambiwa.

— Mwambie aje, akasema. Mwambie nitasimama nyuma ya goli lake.