Bi. Zamda Aliyetufundisha Kuacha Pigo la Pili

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi. Zamda Fikirini, msaidizi wa kisheria katika kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Mchafukoge, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Aliajiriwa kama mpiga chapa, akasomea usaidizi wa kisheria jioni, na tangu hapo kiti chake hakijapata joto. Ukimtaka, mtafute Kariakoo madukani, akiwafundisha wafanyabiashara sheria ya kujilinda.

Alifundisha kwa maigizo. Mhalifu alikuwa Benjamini, mhudumu wetu, kila mara, na mpaka leo akiwaona akina mama wa vitenge huvuka barabara. Kisu chake cha mbao kikianguka, mwanafunzi alitakiwa kuacha kupiga papo hapo. Aliyeongeza pigo alinunulia darasa zima chai. Sheria, alisema, inakuruhusu kujiokoa, haikuruhusu kulipiza kisasi.

Kilichomkosesha usingizi ni RB. Wafanyabiashara wengi wakisharipoti vitisho polisi na kupewa namba ile ya taarifa, hurudi dukani wametulia utadhani wamepewa na askari wa kuwalinda. Candida, muuza vitenge wa jumla, aliibandika yake ukutani baada ya aliyekuwa mume wake kuapa kumwua. Polisi walimwambia ukweli kwamba askari hawatoshi kusimama kwenye kila mlango wa duka. Bi. Zamda naye hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mwanangu, karatasi haishiki mkono wa mtu," alimwambia, kisha akamtaka awaarifu majirani, asibaki dukani peke yake, na aje darasani.

Mwanamume yule alikuja mchana, kisu mkononi. Candida alikamata fimbo ya chuma ya kutungulia vitenge, akampiga begani mara moja. Kisu kikadondoka, naye akaanguka. Umati ukaja na mawe, ukitaka auawe. Candida akainua fimbo tena. Kisha akageuka, akasimama mbele ya mtu aliyekuja kumwua, akauzuia umati kwa fimbo ile ile hadi polisi walipofika.

Hata hivyo Candida aliwekwa mahabusu, maana bega la mtu lilikuwa limevunjika. Bi. Zamda alishinda kituo cha polisi na mashahidi mpaka Candida akaachiwa bila mashtaka. Mwanamume akafungwa. Sisi tulitaka kusherehekea, Bi. Zamda akatukasirikia kwelikweli. Alisema si jambo la kuchekelea mwanamke kuachwa ajiokoe mwenyewe. Wiki ile ile alianza kumfuatafuata polisi kata, hadi askari huyo akakubali kuwapitia madukani wote walioripoti vitisho. Kwa ubishi huyu mama hana mpinzani, nasi tutaukumbuka.

Candida ameniomba niandike wazi kwamba siku ile alitaka kuua, na angeua kama si darasa lile. Leo wanawe wanamkuta mama yao nyumbani wakitoka shule, hawaendi kumtembelea gerezani.

Asante, Bi. Zamda. Pumzika sasa, nawe uwe salama.