Mama Vipande na Bongo Tano Zilizobaki

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kiume, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vipande.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yetu, fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, sekondari hadi 1980, na tarehe 2 Mei 1983 akahitimu ufundi wa maabara.

Aliajiriwa na hospitali tarehe 1 Agosti 1983, na mwaka 2009 akahamishiwa jengo la utafiti, ambako madaktari walikuwa wakijifunza kumtibu mtoto angali tumboni, kwa kupitisha kamera nyembamba kwenye matundu madogo na kuujaza mfuko wa uzazi gesi ili waone ndani, wakianza na kondoo wenye mimba. Kazi ya dada ilikuwa kukata ubongo wa kila mwanakondoo vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kuhesabu kwa darubini seli zilizokufa, ili ijulikane kama gesi ile inadhuru ubongo, asijue yupi alipasuliwa na yupi hakuguswa, kwa maana majibu hayo yalifungwa kwenye bahasha hadi ubongo wa mwisho usomwe, naye alisema jicho likishajua linachotafuta halikosi kukiona.

Tarehe 17 Desemba 1988 aliolewa na fundi magari, shemeji yetu huyu, ambaye dada alimtania kwamba ubongo wa fundi hauhitaji darubini, umelala waziwazi, na tarehe 21 Juni 1994 wakajaliwa binti.

Tarehe 11 Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 6 Februari binti yake, mjamzito, akaambiwa kwamba mtoto ana uti wa mgongo ulio wazi, na kwamba anaweza kupasuliwa kwa njia hiyohiyo, mradi iwe kabla ya wiki ya ishirini na sita. Mwishoni mwa Februari binti alipiga magoti kando ya kitanda cha mama yake akasema, mama, umeshasoma bongo ishirini na mbili, fungua hiyo bahasha uniambie gesi ile inaua au haiui, huyu ni mjukuu wako, na dada akalia, akajibu, mwanangu, nikifungua leo nitaona ninachokitamani, nikupe tamaa yangu uiite dawa? Akaomba darubini iletwe kitandani, akasoma ubongo mmoja kwa siku, kisha nusu, hadi alipofariki tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, bongo tano kati ya thelathini na sita zikiwa bado.

Ameacha mume, binti, na mjukuu ambaye hajazaliwa. Leo ni Jumatano, na wiki ya ishirini na sita inaanza Jumamosi.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemshikia vioo vya darubini, majirani waliopika na kufua, na wafanyakazi wenzake, ambao wawili kati yao hawakuja kuzika, wamebaki wakisoma bongo hizo tano, na hatuwalaumu. Bahasha haijafunguliwa.

Pumzika kwa amani, dada, na ukiona huko amani imezidi, mpunguzie binti yako, maana hapa tulipo hatuna.