Manowari Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Kijiwe chetu cha kahawa pale kona ya Tangini hakina jambo dogo. Asubuhi ile Bertha, yaani Mama Blessing, muuza kahawa wetu, alikuwa anamimina bila hata kututania. Mwenye kiwanja anaanza ujenzi, na kabla ya magharibi Bertha awe amehamia nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo kwa akili yetu hata kuku hapiti. Nani alimpa pole? Hakuna! Ambokile, tunayemwita Admirali kwa kuwa alilinda geti la bandari miaka kumi na mmoja, alikuwa anatuonyesha kwenye simu manowari ndogo ya kubeba ndege. Laurean, fundi magari tunayemwita Fundi Gia, alikuwa ameshaikataa. Mimi wananiita Masjala. Nilikuwa karani, kwa hiyo mwenye akili pale nilikuwa peke yangu.

— Pua imepinda juu, alisema Fundi Gia. Hii imegonga mwamba.

— Imekunjwa makusudi! Admirali akaruka. Meli yenyewe fupi. Ndege inakimbia, ikifika pale puani inarushwa juu. Nyingine zinapaa wima tu, kama moshi.

— Na kutua?

— Wima vilevile. Lakini kuna meli ambazo ndege inatua na ndoano mkiani, inadaka waya, inasimama pu!

— Acha fiksi, mzee! Ndege ifungwe kama mbuzi wa Idi?

— Ikishatua inakunjwa mabawa, lifti inaishusha chini. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, methali yake ilikaribia kukaa mahali pake.

— Mnara mbona uko upande mmoja? nikauliza. Si itapinduka?

— Upande wa pili wanapanga wapishi.

— Wapishi?

— Wanene. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wakikonda, manowari inalala ubavu.

— Basi tuunde yetu, alisema Fundi Gia, macho yamemwaka. Chasisi ya lori la mchanga, mapipa mia, tunaishusha Mto Ruvu.

— Na viboko? nikauliza.

— Ndio injini! alidakia Admirali. Haba na haba hujaza kibaba.

— Vikombe! alifoka Bertha. Nataka vikombe vyangu nifungashe. Ninyi mnaunda meli, mimi kesho namuuzia nani? Mteja wa kahawa hamtafuti mtu. Anapita, ananusa, anakaa.

— Mama Blessing, kizuri chajiuza, alimjibu Admirali, macho kwenye simu.

Niliona aibu kidogo. Kidogo tu, maana nilitaka kusikia habari za viboko.

Hapo akaketi mama mmoja na madumu mawili ya maziwa. Alituamkia shikamoo, tukaitikia. Alisema anaitwa Devotha, mfugaji wa Mzenga, ameleta maziwa kwa mteja wake. Alitusikiliza hadi kikombe chake kikaisha.

— Samahani, baba zangu. Hiyo meli inatembea?

— Usiku na mchana! alisema Admirali.

— Hata ndege zake zikiwa angani?

— Hata zikiwa angani.

— Sasa zikirudi, zinajuaje imehamia wapi? Mimi mwaka juzi nilihamisha zizi. Jioni ng'ombe wote wakaenda pale pa zamani, wakasimama, wakalia.

— Kuna mitambo.

— Mitambo gani?

Admirali alianza kuitafuta kwenye simu. Mimi nilipuliza kikombe kitupu.

— Hicho ndicho ninachowauliza tangu asubuhi, alisema Bertha. Sasa dada, ng'ombe ukawafanyaje?

— Kesho yake nikatembea nao mwenyewe, mchana kweupe, naimba, hadi zizi jipya.

Admirali alisimama wima, akapiga saluti.

— Nyanyueni benchi!

Wallahi, tulilinyanyua. Fundi Gia mbele, mimi nyuma, Admirali na jiko anapaza sauti: "Manowari inapita! Inatia nanga nyuma ya mashine ya kusaga!" Tulipita saluni, tukapita kwa mafundi cherehani, tukazunguka duka la Zubeir mara mbili. Watu walitoka nje wakicheka, wengine wakatufuata. Niliimba mimi, karani mzima! Bertha alikuja na birika, anacheka huku anajifuta machozi, na sijawahi kufurahi kubeba mzigo kama siku ile.

Asubuhi iliyofuata miguu yangu ilinipeleka kona ya zamani. Mabati yalikuwa yameshazungushwa. Mbele ya mabati walikuwa wamesimama Admirali na Fundi Gia, wameyakodolea macho. Hakuna aliyelia, ila ilibaki kidogo.

Tulikwenda mbio hadi kwenye mashine ya kusaga. Benchi lilikuwa limejaa: Zubeir, mafundi cherehani, kina mama wanaosubiri unga wao, na Devotha na madumu yake katikati. Bertha alikuwa ameshaanza kuosha vikombe.

— Poleni, wazee wangu, alisema, meno yote nje. Kahawa imeisha.