Adapta Tatu na Bodi Moja Iliyobaki

Benchi la nje kwa Kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na halijawahi kukosa mtu anayejua jambo. Asubuhi hiyo walikuwepo wenyewe. Kinyozi, ambaye hukaa nje kwa sababu ndani hakuna wa kunyoa. Breki, dereva wa lori aliyestaafu zamani lakini mpaka leo hukaa kama kashika usukani. Na Profesa, aliyekuwa karani wa maktaba akasoma migongo ya vitabu vyote. Birika la kahawa lilikuwa katikati yao. Akaja Fundi Pasi, dada anayetengeneza pasi, redio na chochote chenye waya kwenye kibanda cha jirani. Akakaa ukingoni, akamiminiwa kikombe, akafanya kosa la kuwaza kwa sauti.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, kiziwi tangu utotoni, aliyejifungua wiki tatu zilizopita. Mume alikuwa kazini mbali. Fundi Pasi alimtengenezea taa: ndani yake mna bodi ndogo ya kielektroniki, ukubwa wa kiberiti, yenye kipaza sauti cha kusikiliza, mtoto akilia, taa inawaka. Ilikuwa taa nzuri ila haikujua kubagua. Iliwaka kwa mtoto, ikawaka kwa pikipiki, ikawaka jirani akikohoa. Siku ya nne mdogo mtu akaizima. Tangu hapo analala kaweka mkono kifuani mwa mtoto ili ahisi akilia, na kulala huko si kulala.

Programu ya bodi ilihitaji kubadilishwa mistari miwili tu. Kazi ilikuwa kuiingiza. Bodi yenyewe haina tundu la USB, kwa hiyo lazima ipatikane adapta ya kukaa kati yake na kompyuta, kama mshenga. Juma lililopita Fundi aliazima adapta bila kuikagua. Ikapeleka volti tano kwenye bodi inayotaka tatu nukta tatu. Bodi ikatoa harufu, ikanyamaza moja kwa moja. Za namna hiyo alikuwa nazo mbili. Sasa ana moja.

Duka la vifaa lililo ng'ambo ya barabara lina adapta za aina tatu. Nyeusi, bei ya kutupa, volti tano. Ya pili ni waya mrefu wenye ncha za rangi, umefunikwa plastiki, hujui tumboni kuna nini. Ya tatu nyekundu, ina swichi ndogo ya kuchagua tano au tatu nukta tatu. Fundi aliitaka hiyo, ila aliwahi kusikia kwamba kuna adapta ambazo swichi hubadilisha umeme wa kulisha bodi tu, huku waya wa mawasiliano ukiendelea kutema tano vilevile.

— Chukua ya volti tano, akasema Breki. Mzigo haupandi mlima kwa gari bovu. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si kuinama mpaka volti tatu.

— Mzee, ya volti tano ndiyo iliyoniunguzia.

— Iliungua kwa sababu uliiwasha ghafla. Injini huachwa ipate moto kwanza.

Fundi akamweleza kwamba bodi haina injini. Breki akasema hilo ndilo tatizo lake.

Kinyozi yeye aliangalia kitu kimewekwa wapi. Kwa maelezo yake, ile nyeusi imetundikwa nje ya duka, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyekundu imo ndani ya kabati la kioo, kwa hiyo ni nzuri. Fundi alipouliza kama kioo kinabadilisha volti, Kinyozi alijibu kwamba yeye mashine zake za kunyolea huziweka nyuma ya kioo na hazijawahi kuungua. Hakutaja kwamba hazijawahi pia kuwashwa tangu Jumatatu.

Profesa alikuwa bado hajasema, na hiyo ni dalili mbaya. Alikunywa, akafuta mdomo, akauliza waya zinaungwaje. Fundi akamweleza taratibu: upande mmoja kuna pini ya kusema na pini ya kusikia, na upande wa pili vilevile. Ya kusema huku inaungwa na ya kusikia kule.

— Hapana, mwanangu, akasema Profesa. Ndege wafananao huruka pamoja. Msemaji kwa msemaji, msikilizaji kwa msikilizaji.

— Sasa wote wakisema nani atasikia?

— Si lazima asikie mtu. Muhimu ni kuheshimiana.

Breki akaona amepitwa. Akasema siri ya mambo haya ni urefu wa waya: aliwahi kuendesha lori lenye tela, na breki za tela huchelewa, kwa hiyo waya mrefu hufikisha programu ikiwa imechoka. Kinyozi akasema programu haichoki, huvuja. Ndiyo maana waya hufunikwa plastiki. Profesa akafunga hoja kwa kueleza kwamba ndani ya kila adapta mna kijichipu kinachojifunza lugha ya mwenye nyumba. Ukinunua kwa muuzaji mwenye maneno mengi, bodi itaropoka. Mtoto akinyamaza, taa itawaka.

— Na asiyefunzwa na mamaye? akauliza Breki.

— Huyo huuzwa kwa nusu bei, akasema Profesa. Ndiyo ile nyeusi.

Fundi Pasi alitazama kikombe chake. Jambo lililomkera si ujinga wao; huo aliuzoea. Lilimkera kwamba alikuwa ameanza kusikiliza. Alikuwa na woga, na mtu mwenye woga hushika hata unyasi. Akiiunguza bodi hii, kupata nyingine ni mwezi mzima, na mwezi mzima mdogo wake atakuwa kaweka mkono kifuani mwa mtoto.

Hapo ndipo mdogo mtu mwenyewe alipotokea, mtoto mgongoni, macho mekundu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa duka la vifaa kitambo, akiwaangalia midomo. Ya Breki hakuiona kwa sababu ya masharubu, lakini aliona wote wakipunga mikono kuliko yeye. Akamgusa dada yake begani, akauliza kwa vidole:

— Wamesema nini?

Fundi Pasi akainua mikono kumtafsiria. Alitafuta neno moja la kuanzia katika saa nzima ya maneno, hakulipata. Akawageukia wazee.

— Anauliza mmesema nini.

Kinyozi akamtazama Breki. Breki akamtazama Profesa. Profesa akainamisha birika juu ya kikombe. Likatoka tone moja na mashapo ya kahawa.

Mdogo mtu akangoja kwa adabu. Kisha akaonyesha mkoba wa dada yake, pale inapochungulia mita ya kupimia umeme, akasema tena kwa vidole:

— Na hiyo imesema nini?

Fundi Pasi akahisi uso wake ukipata moto. Pasi za watu huzipima kabla ya kuzigusa, kila siku ya Mungu. Akasimama, wakavuka barabara. Akamwomba muuzaji achomeke ile nyekundu kwenye kompyuta ya dukani, akasogeza swichi, akaweka ncha moja ya mita kwenye pini ya ardhi na nyingine kwenye pini ya kusema. Tatu nukta tatu. Akapima tena kwa sababu ya harufu ya juma lililopita. Tatu nukta tatu.

Kufika adhuhuri programu ilikuwa imeingia, msemaji kwa msikilizaji. Pikipiki ikapita, taa ikatulia. Mtoto akakunja uso, akalia, taa ikawaka. Mama yake akamnyonyesha, akamlaza, akajilaza ubavuni mwake, mikono yote miwili chini ya shavu lake mwenyewe. Alilala mpaka alasiri.

Habari zikafika benchini jioni, na zikapokelewa kwa furaha. Wote walikubaliana kwamba bila ushauri wao binti angeharibikiwa. Ubishi uliobaki ulikuwa nani kati yao alimshauri.