Betri za Baba Yenu

Wanangu, sogeeni karibu, maana mashine hii inayonipa pumzi inanguruma na sauti yangu haina nguvu ya kushindana nayo. Kaka yenu mkubwa naye aingie. Kwa nini asimame mlangoni kama mgeni?

Nchi yetu mnaijua ni ndogo, mtu akipiga chafya mpaka huu anaombewa afya mpaka ule. Jua tumejaliwa, paneli zimefunika mapaa hata mabati hayaonekani, lakini pa kuliweka hilo jua hatuna. Paneli zilizinduliwa kwa hotuba na vigelegele. Betri kubwa za taifa, kila mwaka tunaambiwa ni mwaka ujao. Marehemu baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akicheka mpaka kikohozi kimbane: "Mama watoto, nchi hii mchana tajiri, magharibi ombaomba."

Mapafu yake yalipochoka tukanunua betri mpya za kuendesha mashine hii ya oksijeni usiku, na bado chaji haikufika asubuhi. Kaka yenu akaona uchungu. Akatoa dukani kwake betri kuukuu, zilizokuwa bado zinawasha taa, akaziunga na zile mpya akidhani anaongeza. Kumbe betri iliyochoka ikiungwa na nzima huivuta chini, zote zikachoka pamoja. Ilikuwa wiki ya mawingu. Mashine ikanyamaza kabla hakujapambazuka, na nilipopapasa kitandani mkono wa baba yenu ulikuwa umeshapoa.

Nawe, mwanangu wa pili, ukasimama kwenye kaburi bichi ukamwambia ndugu yako, "Haya fundi, kazi umeimaliza?" Watu walisikia. Mimi nilisikia. Tangu hapo hamsalimiani, na yeye hajagusa waya hata wa redio.

Sikilizeni. Aliyempa baba yenu pumzi ndiye aliyeitwaa, nami nimelia mbele Zake mpaka nikanyamaza. Nusu ya mafundi wa mji huu huunga hivyo hivyo, kwa kuwa betri mpya haishikiki bei na ya zamani inauma kuitupa. Ndugu yako alitaka baba yake apumue. Basi.

Nyumba kaeni wote, asifukuzwe mtu. Lakini nimewasikia mkinong'ona sebuleni, huyu achukue paneli, yule betri. Sitaki. Paneli peke yake itakupa mchana mtupu, na betri peke yake ni mzigo wa kubeba. Nikishazikwa, zishusheni zote pamoja na mashine, zile betri kuukuu mzitenge, vilivyobaki mpeleke zahanati ya bondeni, ambako wanawake wanajifungua kwa tochi ya simu. Kaka yenu ndiye atakayezifunga. Wewe wa pili utamshikia ngazi. Usitume mtu. Wewe.

Ngoja... nivute pumzi.

Jua limeshashuka, na taa ya mashine naiona nyekundu. Mawingu tena leo. Mwanangu mkubwa, njoo ukae hapa, acha kuitazama hiyo taa, nipe mkono. Una baridi kuliko wangu, masikini. Nimekuridhia, mwanangu, tangu siku ile ile. Mungu akuridhie.

Na wewe, mwenzake... mashine ikinyamaza, usimtazame yeye. Nitazame mimi. Mungu awaweke... awaweke pamoja. Mshike mkono ule mwingine.

Mshike, nione.