Sista Raheli na Swali Lake la Pili

Sista Raheli Mbilinyi anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, ishirini na miwili kati yake hapa zahanati yetu, Mpapura. Mimi ni Mama Asia, mhudumu wa usafi. Wamesema niandike mimi kwa kuwa nimekaa naye kuliko wote. Nikikosea herufi mnisamehe.

Alikuja kutoka Njombe akilalamikia joto, akabaki. Wapo waliozaliwa mikononi mwake na sasa wanamletea watoto wao kliniki.

Kila msimu wa korosho wauza virutubisho huja na spika zao: unga wa kushusha presha, vidonge vya kusafisha damu. Sista hakuwafukuza. Aliwauliza aliyepona anaitwa nani, anakaa wapi, kisha akapanda baiskeli kumfuata. Mmoja alimkuta kweli, Mzee Ramadhani, presha imeshuka. Mkewe ndiye aliyetoboa siri: mzee hajaacha vidonge vya hospitali hata siku moja. Sifa zote zilikuwa zimekwenda kwa unga.

Lakini hakusema vyote ni uongo. Mlonge ni mboga nzuri, alisema, tule. Vidonge vya kuongeza damu navyo ni virutubisho, na hivyo aliwapelekea wajawazito mpaka majumbani wavimeze. Goti lake mwenyewe alilipaka mafuta ya mchaichai. Ukimwuliza kama yanasaidia, anajibu hajui, ila yananukia vizuri.

Mimi ninayefagia chumba chake ndimi niliyekosea zaidi. Mwanangu Asia ana kifafa. Muuzaji aliniambia vidonge vya hospitali vinachosha ini, unga wake unatosha, nikaununua. Siku ya tisa Asia akaanguka karibu na jiko, nikambeba mbio. Sista huwauliza watu wote maswali mawili. La kwanza, umempa nini, nililijibu upesi. Akaniinamia.

"Na umeacha kumpa nini, mama?"

Nililia. Hakunigombeza. Alisema unga pengine haukumdhuru. Kilichomwangusha ni kukatishwa vidonge.

Miaka mitatu sasa Asia hajaanguka. Januari alipangiwa shule ya bweni, nikakataa kwa hofu, usiku silali. Sista akamwandikia matroni barua, akanisindikiza hadi stendi kumuaga mtoto. Asia anameza vidonge vyake mwenyewe.

Sista, asante. Sote hapa zahanati tunakutakia mapumziko marefu yenye afya. Mimi nakuombea kwa Mungu usingizi mtulivu, kama huu ulionirudishia.