Zizi la Mraba

Benchi letu liko nje ya mgahawa wangu wa kahawa, linatazamana na geti la sekondari, na asubuhi ya mtihani wa taifa wa hesabu hakuna mwanaume wa mji huu wa mkoa wa Ipiro anayefanya kazi. Watoto wakishakaa chini, haipiti muda maswali yanarushwa kwenye simu, na Ugiriki nzima inageuka mwalimu. Leo walikuwa watatu: Baharia, aliyezeekea kwenye injini za meli na kurudi akijua kila kitu, Katapila, dereva wa buldoza, sauti yake kama buldoza lenyewe, na Thrasivulos wa buchani. Binti yake, Evanthia, alikuwa ndani ya chumba cha mtihani kwa mara ya pili. Mwaka jana hesabu ilimwangusha, na ameapa hatarudia tena: akikosa leo, uhandisi basi, atavaa aproni ya baba yake. Thrasivulos hakuigusa kahawa. Mimi mtu akiacha kahawa yangu ipoe huwa namfokea, lakini leo nilimwacha.

— Yametoka! Baharia aliinua simu. Swali la mwisho hili. Mkulima ana seng'enge mita mia. Upande mmoja wa zizi ni ukuta wa mawe, hautaki seng'enge. Azungushie pande tatu zilizobaki. Vipimo viwe vipi ili zizi liwe kubwa kabisa?

— Hilo tu? Katapila alicheka. Si zizi la Thraso hilo! Tulilijenga sisi wenyewe, pale ukutani kwa kinu cha kusagia nafaka.

— Mraba, alisema Thrasivulos, na rangi ikamrudia usoni. Mraba ndio mkubwa siku zote. Asubuhi hapo getini nimemwambia: mwanangu, ukikutana na zizi andika mraba, usipoteze muda.

— Na kalamu padri aliibariki? aliuliza Baharia.

— Mama yake alimpelekea mwenyewe, Jumapili.

— Basi keshapita huyo. Lete kahawa!

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi nina mdomo.

— Hebu ngojeni, nikasema. Mraba ni thelathini na tatu na kidogo kila upande. Baharia, piga hesabu.

— Elfu moja mia moja na ushee.

— Sasa weka thelathini, arobaini, thelathini. Seng'enge ni ile ile mia.

Baharia alibonyeza. Akabonyeza tena.

— Elfu moja mia mbili.

Katapila aliivuta simu akaichungulia.

— Simu yako mbovu, alisema Katapila.

— Simu haina ubovu, bwana wee.

— Basi swali ndilo bovu! Wametunga watu wa Athene. Mbuzi wanamjua akiwa kwenye sahani.

— Athene wapi, Baharia alishusha sauti. Hii imetoka kwa wakubwa wa Ulaya. Wanataka kupima mazizi yetu upya, wapunguze mifugo.

— Mifugo gani! Wanazitaka kuta zetu za mawe! Wameanza na watoto, watoto wataje kuta ziko wapi, halafu siku moja unaamka, kinu hakina ukuta!

— Nyamazeni, alisema Thrasivulos. Nimemwangusha mwanangu kwa mdomo wangu.

Alisimama.

— Unakwenda wapi?

— Darasa lake ni lile, dirisha liko wazi. Napiga kelele maneno mawili tu: si mraba.

— Watamfutia mtihani, we mwehu! Polisi yule pale getini!

— Na nikikaa kimya?

Alishavuka nusu ya barabara nilipomdaka kamba za aproni. Katapila akamkumbatia kiunoni, Baharia akamziba mdomo kwa kofia yake. Polisi alianza kutukodolea macho. Niliogopa, sifichi. Yule mtoto amekua akifanyia hesabu kwenye meza yangu ya nyuma, kwa sababu kwao msumeno wa mifupa haunyamazi, nami nilimpenda kama wangu.

Tulikuwa bado tumemkaba hivyo hivyo geti lilipofunguka. Evanthia alitoka kabla ya wenzake, kalamu ya padri sikioni. Kutoka mapema maana yake ni moja kati ya mbili: umemaliza, au umekata tamaa. Sote tuliogopa kuuliza ipi.

Alituangalia tulivyoshikana katikati ya barabara. Hakucheka.

— Shikamooni, alisema. Baba, lile zizi letu la kinuni. Kwa seng'enge ile ile mbuzi wangepata nafasi zaidi, ungeupunguza tu upana na kulirefusha kando ya ukuta. Nimeandika sababu ukurasa mzima. Lakini nyie watu wazima wote hawa, kwa nini mlilijenga mraba?

Katapila alitazama viatu vyake. Baharia alizima simu. Thrasivulos alirudi kwenye benchi machozi yakimtoka, akainywa kahawa yake iliyopoa mpaka machicha.